Roberts ya Babu Eino

Septemba 9, 1979

Corinne amefika leo na masanduku mawili na kikapu kizima cha viatu. Baba yake, Mjomba Rudy, amepunguzwa kazi kiwandani Detroit, kwa hiyo wamerudi kaskazini kuishi nasi kwa Babu. Corinne amepewa nusu ya chumba changu. Nusu ya dirishani.

Nilipomaliza shule mwezi wa sita, Mama alinipa daftari hili akasema niandike, kwa kuwa kusema siwezi. Basi naandika: nusu ya dirishani.

Septemba 11

Anachekacheka usingizini.

Septemba 15

Baada ya kuoga mvuke wa sauna Babu alikaa barazani na taulo shingoni, Corinne akamuuliza, "Babu, kile chumba kinachofungwa kwa ufunguo, kuna nini?" Mimi nimeishi nyumba hii miaka kumi na minane na sikuwahi kumuuliza Babu jambo kwa sauti namna hiyo. Babu akacheka, akasema, "Raili, mwonyeshe."

Kilikuwa chumba cha kushonea cha marehemu Bibi. Meza yake ndiyo meza ya risasi sasa. Palipokuwa na cherehani pamefungwa mashine ya mkono, ya chuma nzito, na pembeni yake kuna mizani na kipimio cha baruti, kile cha zamani chenye kifuniko, kilichopakwa rangi ya kijani. Niliingia humu mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa. Nilifundishwa kuokota maganda yaliyokwisha kupigwa, kuyasafisha, kuyarudisha umbo lake, kutia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, kupima baruti, na mwisho kukandamiza kichwa cha risasi mdomoni mwa ganda. Tangu mikono ya Babu ianze kutetemeka, risasi za kambi nzima ya kuwinda nazijaza mimi. Wanaume sita, maganda mia na hamsini kila vuli.

Corinne aligusa kila kitu.

Nikamwambia sheria ya Babu: mezani linakaa kopo moja tu la baruti, na ukimaliza, iliyobaki kwenye kipimio unairudisha koponi kabla hujainuka kitini. Mjomba Rudy aliiacha humo mara moja akiwa na miaka kumi na tisa. Babu hajamruhusu kuvuka kizingiti mpaka leo.

"Baba yangu?" akasema Corinne. "Miaka ishirini na mitano kwa kosa moja?"

"Ndiyo."

"Jamani, hata jela wanatoa msamaha."

Septemba 22

Babu ametangaza kwenye chakula. Macho yake hayafai tena kuwinda, na mwaka huu Roberts, bunduki yake, itakwenda kambini na mmoja wetu, mimi au Corinne. Atakayepiga shabaha vizuri zaidi kwenye shimo la kokoto mwezi wa kumi ndiye mwenye bunduki.

Mama akasema, "Raili ana bunduki ya baba yake, ile thelathini-thelathini." Baba yuko kwenye meli za madini hadi Desemba.

Hawaelewi. Thelathini-thelathini kila nyumba inayo, inasukuma bega langu kama ng'ombe na risasi yake hushuka mapema. Wajomba wengine wanabeba thelathini-sita, inayofaa hata dubu. Roberts ni tofauti. Ganda lake ni la risasi kubwa ya zamani lililobanwa shingo ili lishike kichwa chembamba. Haipigi kelele nyingi, haimuumizi mpigaji, inakwenda moja kwa moja na kulungu hahitaji zaidi ya hapo. Babu aliinunua mwaka wa 1938 kwa mshahara wa kukata magogo. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nilimwambia Mama kwamba nitaoa bunduki hiyo. Sikujua kwamba wasichana hawaoi.

Corinne hakuwa amesikia jina la Roberts hadi Jumamosi iliyopita.

Septemba 29

Tumechagua vichwa vya risasi. Mimi nilichukua kile kizito chenye pua butu, kwa sababu kinamasi chetu kimejaa mierezi na kulungu huonekana hatua arobaini tu, kati ya matawi. Corinne akachukua chepesi chenye ncha.

"Kwa nini hicho?" Babu akamuuliza.

"Kizuri."

Babu alicheka hadi akakohoa. Mimi nilikuwa na sababu nne, nimeziandika kwenye karatasi. Hakuniuliza.

Oktoba 3

Mvua. Maganda sitini.

Oktoba 6

Mvua. Babu amemwita Corinne "jicho". "Njoo jicho, nisomee mizani." Mimi ndiye niliyekuwa namsomea mizani.

Oktoba 7

Mvua. Kanisani Corinne aliimba kwa sauti na bibi kizee Hilja akageuka kumtazama kwa furaha. Mimi huimba kwa midomo tu.

Oktoba 13

Theluji ya kwanza, imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana. Corinne anajaribu kujaza maganda lakini anaharakisha, anapinda shingo ya ganda moja katika kila matano. Babu anasema, "Polepole, jicho." Mimi nilipopinda moja nikiwa na miaka kumi alinyamaza siku nzima.

Oktoba 20

Nimeshindwa.

Naandika yote ili nisije kujidanganya baadaye. Tulikwenda shimo la kokoto, Babu, Mjomba Rudy, sisi wawili. Hatua mia. Kila mmoja risasi tano. Kwa kuwa Corinne hakuwa na risasi zilizokamilika, Babu aliniambia nijaze zote, zangu na zake, zake kwa vichwa vile vyepesi. Nilizijaza. Mungu anajua sikuzipunja. Nilipima kila moja mara mbili, zake kama zangu.

Nikapiga kwanza. Tano zangu zingefunikwa na kisahani cha chai. Nilifurahi hadi masikio yakawa moto.

Corinne akalala juu ya gunia, akauliza, "Nabana jicho gani?" akapiga. Zake zingefunikwa na kifuniko cha chupa.

Mjomba Rudy alirusha kofia yake juu. "Mtoto wa Detroit! Mnaona? Mtoto wa Detroit!"

Babu alisimama mbele ya karatasi muda mrefu. Kisha akaja kwangu, akaniwekea mkono wake unaotetemeka kichwani. "Risasi hizi ni nzuri kuliko nilizowahi kujaza mimi," akasema. "Meza ni yako, Raili. Ya kwako kabisa. Bunduki ni yake."

Akanivisha ufunguo wa chumba shingoni. Nikasema asante. Nimeshindwa kwa risasi nilizojaza mwenyewe, na nikasema asante.

Oktoba 21

Hakuna.

Oktoba 27

Corinne ameomba tulale vichwa upande mmoja ili tuzungumze. Nikamwambia nina usingizi.

Novemba 3

Baruti ya zamani imeisha. Dukani hawakuwa nayo, Babu ameleta kopo la aina nyingine. Amenionyesha kitabu na tumekubaliana kipimo. Corinne aliuliza kama inafanana na ile ya zamani. Babu akasema, "Tofauti kidogo."

Mama ananiuliza kama nitakwenda kambini na thelathini-thelathini. Nimesema nina kazi kwenye duka la mikate. Ni kweli, lakini si sababu.

Novemba 12

Leo Babu alinituma nijaze risasi kumi na mbili za bastola yake, ile anayobeba kiunoni kumalizia kulungu aliyejeruhiwa. Nilikuwa nimefika ya kumi na mbili wakati yeye na Corinne walipoingia wakicheka. Babu akakaa juu ya sanduku akaanza kumsimulia jinsi Bibi alivyoangusha dume lake la kwanza kwa Roberts, akiwa na mimba ya Mama, na jinsi alivyolia kisha akataka kula maini yake hapohapo.

Miaka tisa nimekaa kwenye kiti kile. Hadithi hiyo sijawahi kusimuliwa.

Nikachukua risasi zangu, nikarudisha kopo la baruti ya bastola kabatini, nikatoka. Corinne akasema, "Kaa basi, dada, inanoga!" Nikafunga mlango.

Novemba 13

Walipoondoka kwenda kambini nilikuwa kazini. Mama anasema Corinne alijaza risasi zake kumi mwenyewe asubuhi, Babu akiwa amelala, na alitoka amejaa furaha. Chumba alikikuta wazi, jana sikurudi kukifunga kwa ufunguo. Ni desturi ya kambi yetu: mgeni hupiga risasi alizojaza kwa mkono wake. Kumi tu, na akizimaliza basi.

Nina chumba chote leo. Nimelala upande wa dirisha. Hakuna cha ajabu dirishani.

Novemba 15

Ya jana nayaandika leo. Jana sikuweza.

Nilitoka kazini saa sita na mkate wa iliki ambao mwenye duka alinipa niwapelekee wa kambini. Nikasema sipeleki. Nikaenda kukaa kwenye meza yangu, ili nione raha ya kuwa na meza. Nikafungua kabati. Kopo jipya la baruti ya bunduki lilikuwa mezani, peke yake, kama sheria inavyotaka. Nikaliinua nilirudishe.

Lilikuwa zito. Karatasi ya muhuri ilikuwa bado imegandishwa juu ya kifuniko. Halikuwa limefunguliwa.

Nikajiuliza basi Corinne alijaza nini. Na nikajua kabla sijamaliza kujiuliza. Nikainua kifuniko cha kipimio. Chini kabisa kulikuwa na chembe chache, za mviringo, ndogo kuliko mbegu za haradali. Baruti ya bastola. Niliinuka siku ile kwa hasira na sikuimwaga.

Baruti ya bastola huwaka yote kwa mara moja. Ndani ya ganda la bunduki, kwa kipimo cha bunduki, bomba la chuma haliwezi kuizuia. Babu ana rafiki asiye na vidole vitatu na jicho la kulia.

Kambini hakuna simu. Siku ya kuamkia msimu wa kuwinda, saa tisa alasiri, kila mtu hupiga risasi moja kwenye gogo kuhakikisha bunduki haikuhama shabaha njiani. Ilikuwa saa saba na robo.

Nilichukua gari la Mama bila kumwambia. Theluji ilikuwa ya maji, inateleza. Njiani nilikuwa nawaza mambo mawili, na la pili naliandika hapa kwa aibu. La kwanza lilikuwa uso wa Corinne. La pili lilikuwa kwamba hata yeye hakufungua kopo, na mtu asiyefungua kopo hastahili Roberts, na Babu ataliona hilo wazi. Sikuhitaji kusema lolote kuhusu kipimio. Nilihitaji kusema tu kwamba nimekuta kopo halijafunguliwa.

Kutoka barabarani hadi kambini ni maili moja kwa miguu. Nikiwa katikati nikasikia mlio. Nikasimama. Thelathini-thelathini, mzito. Nikakimbia. Mwingine, thelathini-sita. Nilianguka mara mbili. Kila mlio nilisubiri kusikia kama kuna mtu anapiga kelele baada yake.

Walikuwa wamesimama nje ya kibanda kwa mstari, wakila pasti zilizojazwa nyama na viazi kwa mkono mmoja. Corinne alikuwa wa nne. Alikuwa na bunduki kifuani na risasi moja kati ya vidole.

"Usipige," nikasema. Haikutoka sauti. Nikasema tena na safari hii nilipiga yowe hadi kunguru wakaruka.

Mjomba Rudy akacheka. "Loo! Kumbe anayo sauti! Tumwekee pasti moja."

"Hizo risasi zina baruti ya bastola."

Hakuna aliyecheka tena. Babu akaichukua ile risasi kutoka vidoleni mwa Corinne, akaingia ndani, akaomba koleo. Mikono ilimtetemeka, akampa Mjomba Rudy aivute yeye. Kichwa kikatoka. Babu akamimina kwenye sahani nyeupe. Chembe zikabingirika pande zote.

Nilisikia moto wa jiko ukivuma. Watu wanane katika chumba kidogo, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni na theluji magotini.

"Nimekuta kopo jipya lina muhuri wake," nikasema. "Hakulifungua."

Kila neno lilikuwa kweli.

Babu akamgeukia Corinne. "Hukufungua kopo?"

"Sikufungua," akasema. Midomo yake ilikuwa myeupe. "Kipimio kilikuwa kimejaa tayari, Babu. Ulisema mpya ni tofauti kidogo, nikadhani ndiyo hiyo. Nilidhani..." Akanitazama. Hakunitazama kwa ubaya. "Nilidhani Raili ndiye aliyenijazia. Kwamba amenirahisishia. Nilifurahi sana. Nilimwambia Baba njiani, si ndiyo, Baba? Nilisema, kumbe hanichukii."

Mjomba Rudy akatikisa kichwa kukubali. Hakuinua macho kwenye sahani.

Babu hakuwa na haraka. Alivua Roberts begani mwa Corinne, akatembea nayo hadi mlangoni, akaninyooshea. Mbao ya kitako ilikuwa na joto la mwili wake Corinne. Niliipokea. Nimeisafisha bunduki ile mara mia, lakini sikuwahi kupewa. Ni nyepesi ukipewa.

Sijui niliishika muda gani. Mzee Waino, mmoja wa wawindaji, alianza kutafuna tena.

"Ni mimi," nikasema. "Baruti niliiacha mimi kwenye kipimio. Jumatatu. Nilikuwa na hasira nikainuka."

"Hasira ya nini?" akauliza Babu.

"Ulimsimulia habari za Bibi."

Wanaume wote wakatazama chini, kama vile nimevua nguo mbele yao. Babu alifumba macho. Alipofumbua, aliichukua bunduki, akaitundika ukutani, hakunirudishia mimi wala Corinne.

"Ufunguo," akasema.

Nikauvua shingoni. Nimeuvaa tangu Oktoba.

"Wewe na mjomba wako," akasema, "mtakuwa mnasubiri nje ya chumba kile pamoja." Mjomba Rudy akatoka, na mlango akaubamiza.

Kisha Babu akampa Corinne ufunguo ule. "Risasi za Roberts hakuna hapa isipokuwa hizo tisa, na hizo nitazitupa mtoni. Kesho asubuhi rudi nyumbani ujaze nyingine. Na kopo ulifungue." Corinne akaanza kulia. Siku ya kwanza ya msimu, ambayo kila mtu hapa huisubiri mwaka mzima, angeikosa kwa kosa langu.

Leo nimekwenda kumchukua na kumrudisha nyumbani kwa gari. Tukavuka daraja la pili. Kisha akasema, "Ungeweza kunyamaza tu pale mwisho."

"Ndiyo."

"Mimi ningenyamaza," akasema. "Nadhani. Sijui." Na baadaye: "Ila kama nisingemuuliza Babu kuhusu chumba, yasingetokea yote haya."

Alifungua chumba, akakaa kwenye kiti changu. Nikasimama kwenye kizingiti. Sikuvuka. Alifungua muhuri. Baruti mpya ni vijiti vidogo, vya kijivu.

"Niambie," akasema.

Nikamwambia. Nilimwambia kwa mdomo kila kitu nilichokijua kwa mikono, na ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu mambo mengine sikujua kwamba nayajua. Nilimwambia asikilize mkono wa mashine unapopita nusu. Nilimwambia asiguse fataki kwa kidole chenye mafuta. Baada ya kumimina kila ganda alinijia nalo mlangoni, akaliinamisha kwenye mwanga, nami nikatazama ndani. Alinijia mara kumi. La saba lilikuwa limezidi kidogo sana. Halikuwa la hatari, lingepiga tu juu zaidi kwa upana wa kidole. Yeye asingejua. Babu asingejua.

Nilitaka akose. Nalisema hapa kwa sababu daftari hili halina mtu wa kulisoma. Nilimtazama akiwa amekaa kwenye kiti changu na ufunguo wangu kifuani, na nilitaka kulungu wake akimbie zake.

"Hilo limezidi," nikasema. "Lirudishe kwenye mizani."

Novemba 16

Baridi kali. Nimempeleka kambini kabla ya kazi. Alipoteremka akauliza kama nitakuja kukaa naye kwenye kibanda chake cha kuvizia. Nikasema hapana. Akasema, "Haya, dada," akaenda.

Novemba 17

Mikate mia mbili. Wawindaji wa mjini wanakula kama nzige.

Novemba 18

Jumapili. Baada ya kanisa nilikwenda kambini kupeleka nguo safi za Babu. Hakuwa ndani. Hakuna aliyekuwa ndani isipokuwa Mjomba Rudy, aliyekuwa anamenya viazi kwa sababu alishapata dume lake. Alinisogezea kisu cha pili na bakuli, nami nikakaa. Baada ya viazi kama kumi akasema, "Mimi niliwaambia ni panya waliomwaga baruti humo." Akachukua kiazi kingine. "Kile kipimio. Nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilisema panya. Babu yako alijua." Akakata kiazi katikati. "Ningekuwa nimesema kama ulivyosema wewe, sijui angefanyaje. Pengine vilevile."

"Pengine," nikasema.

Ndipo tukasikia mlio, upande wa mierezi, kusini. Sote wawili tuliacha visu. Haukuwa mzito kama wa thelathini-thelathini. Ulikuwa mkavu, mwembamba, wa mara moja tu.

Mjomba Rudy alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. Mwanawe ndiye aliyekuwa kule.

"Ni wa kawaida?" akaniuliza. "Raili. Wewe ndiye unayeijua. Ule ni mlio wa kawaida?"

Nilitoka nje bila koti ili nisikie vizuri kilichobaki hewani. Hakukuwa na kelele ya mtu. Kulikuwa na theluji ikidondoka kutoka matawini, na mbali, kwa sauti ile anayoimbia kanisani, Corinne akiita, "Babu! Babu, njoo umwone!"

"Wa kawaida," nikamwambia.

Mjomba Rudy akakaa chini, akauficha uso wake kwenye taulo la vyombo. Mimi niliendelea kusimama pale nje. Alikuwa anamwita Babu. Nilimsikia Babu akiitika, kijana kabisa kwa sauti, na nilisikia wivu ule ule ukinipanda kifuani, haujapungua hata kidogo, na mdomoni nilikuwa nahesabu: moja, zimebaki tisa, na zote tisa nimezitazama.